Nataka kukaa porini siku saba peke yangu, nianze na nini?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mvulana wa miaka 16. Kwa miaka miwili nimekuwa nikijifunza mambo ya kuishi porini kwa kutazama video na kujaribu nyuma ya nyumba. Najua kupekecha moto, najua kutega tanzi, najua kuchuja maji kwa mchanga na mkaa. Likizo ijayo nataka kuingia msituni peke yangu siku saba, nibebe kisu, kamba na chupa ya maji basi, bila chakula wala simu. Nyumbani nitasema naenda kwa rafiki, maana nikisema kweli hawatanikubalia. Nimesoma habari za watoto wadogo kuliko mimi waliopotea msituni siku nyingi wakatoka wazima. Sasa mimi niliyejiandaa nitashindwaje? Naomba ukweli, usinitishe kama wengine. Nianze na nini?"

Marahaba, mwanangu. Nimewafundisha vijana mambo ya porini kwa muda mrefu, na mara kadhaa nimeitwa kwenda kutafuta watu waliopotea, kwa hiyo swali lako silichukulii kama la kitoto. Kijana anayefanya mazoezi miaka miwili bila kusukumwa na mtu ana kitu ndani yake, na sina nia ya kukizima.

Ila kuna sentensi umeipitia haraka kana kwamba ni jambo dogo, na ndiyo iliyonishtua kuliko zote. Kisu peke yake hakikunishtua, wala siku saba, wala kukosa chakula. Kilichonishtua ni kwamba nyumbani utasema unaenda kwa rafiki. Naomba nianzie hapo, hata kama ulitarajia nianze na moto.

Tuseme siku ya pili, ukishuka kwenye korongo, unateguka kifundo cha mguu. Ni jambo la kawaida kabisa, hata mimi limenipata. Nyumbani wanajua uko salama kwa mwenzio mpaka siku ya saba iishe. Siku ya nane wanapiga simu huko, wanaambiwa hukufika. Wanahangaika kuuliza marafiki, wanatoa taarifa, na swali la kwanza wanaloulizwa ni ulikuwa unaelekea wapi. Hawana jibu. Msako ukianza siku ya tisa au ya kumi, unaanzia mahali ambapo wewe hukuwahi kukanyaga.

Watafutaji huanza kwa kuchora duara kuzunguka mahali mtu alipoonekana mwisho. Ukiwa ndani ya kilomita 2 kutoka hapo, eneo la kupekuliwa ni kama kilomita za mraba 12 na nusu. Ukiwa ndani ya kilomita 5, linakuwa 78. Ukiwa ndani ya kilomita 10, linakuwa 314. Umbali umeongezeka mara tano, eneo limeongezeka mara 25, na msitu mnene hupekuliwa hatua kwa hatua, watu wakiwa wamejipanga mstari. Kwa uongo wako, hilo duara halipo kabisa.

Mwaka 2003 Mmarekani mmoja, Aron Ralston, mpanda milima mzoefu wa miaka 27, aliingia peke yake kwenye makorongo ya jimbo la Utah bila kumwambia mtu anakokwenda. Jiwe likateleza likambana mkono. Alikaa pale zaidi ya siku tano, na mwishowe akajikata mkono kwa kisu kidogo ili atoke. Ujuzi alikuwa nao kuliko mimi na wewe. Alichokosa ni mtu mmoja wa kusema, "Huyu alisema atakuwa korongo fulani, na jana alipaswa kurudi."

Sasa tuje kwa wale watoto, kwa kuwa ndio hoja yako kubwa. Umezisoma habari zao, lakini nadhani umezisoma kwa kuangalia idadi ya siku. Mimi naomba tuangalie kilichotokea ndani ya siku hizo.

Tarehe 24 Desemba 1971 ndege ya abiria ilipasukia angani juu ya msitu wa Peru. Juliane Koepcke, msichana wa miaka 17, alianguka akiwa amefungwa kwenye kiti chake kutoka karibu kilomita 3 juu, na kati ya watu 92 akabaki yeye peke yake. Alitembea msituni siku kumi na moja. Chakula chake kilikuwa peremende alizoziokota penye mabaki ya ndege. Maji alikunywa ya kijito, na kijito hichohicho ndicho alichokifuata. Wazazi wake walikuwa wanasayansi wa wanyama walioishi na kufanya utafiti katika msitu wa aina hiyo, na baba yake alikuwa amemfundisha kwamba ukifuata maji kuteremka mwishowe utafika kwa watu. Alipofika kwenye kibanda cha wakata miti, kidonda cha mkononi kilikuwa kimejaa funza. Hata hivyo wakata miti ndio waliomkuta na kumtoa. Angebaki peke yake siku chache zaidi, tusingekuwa na habari ya kusimulia.

Huko Colombia, mwaka 2023, ndugu wanne walibaki hai baada ya ndege ndogo kuanguka Amazoni na watu wazima watatu waliokuwa nao kufariki. Mkubwa alikuwa msichana wa miaka 13, mdogo alikuwa hajatimiza mwaka. Walikaa siku 40. Walianza na unga wa muhogo uliokuwamo ndani ya ndege, ulipoisha wakala matunda na mbegu ambazo yule dada alizijua tangu utotoni, kwa sababu wao ni watoto wa jamii ya wenyeji wa msitu ule. Na muda wote huo walikuwa wakitafutwa na wanajeshi pamoja na wenyeji wanaoujua msitu. Helikopta zilipita zikicheza sauti ya bibi yao, iliyorekodiwa kwa lugha yao, ikiwaambia wasitembee, wakae mahali pamoja. Bibi yule alijua jambo ambalo video zako hazikufundishi, nami nitalirudia.

Mtoto wa miaka 7 huko Hokkaido, Japani, mwaka 2016, alikaa siku sita. Alikuta kibanda cha mazoezi ya jeshi, akalala katikati ya magodoro, akanywa maji ya bomba lililokuwa nje, na hakula chochote. Mwingine wa umri kama huo, huko Zimbabwe, alipotea siku tano mwishoni mwa 2024 ndani ya hifadhi yenye simba. Alichimba kwa fimbo kwenye mchanga wa mto uliokauka akapata maji, akalala juu ya miamba, huku watu wa kijijini wakipiga ngoma ili asikie upande wa nyumbani.

Umeona? Hakuna aliyebebwa na tanzi, wala aliyepekecha moto. Waliokolewa na maji, na mahali pa kujikinga, na watu waliokuwa wakiwatafuta au waliotokea kukutana nao. Ndiyo maana naona umechanganya mambo mawili. Kuna kuishi porini, na kuna kuokoka porini. Kuishi porini ni kazi ya jamii nzima iliyorithishana maarifa kwa vizazi, na hata wao hawakai peke yao. Kuokoka porini ni kubaki hai mpaka ukutane na watu. Video zinaonyesha la kwanza kwa sababu linapendeza machoni, na anayerekodi mara nyingi ana gari lililoegeshwa nje ya picha. Halafu kumbuka pia kwamba habari unazosoma ni za waliotoka. Wasiotoka hawaandiki.

Kinachowahi kumuua mtu porini, ukiacha ajali na maji ya kuzama, mara nyingi ni joto la mwili kwenda kombo, hata kabla njaa haijaanza kuuma sawasawa. Mwili wako hufanya kazi karibu na nyuzi 37. Ukishuka chini ya 35 tayari uko hatarini. Usidhani jambo hili ni la nchi za barafu tu. Mvua, upepo na nguo zilizolowa vinatosha kukufikisha huko hata usiku wa nyuzi 10, kwa sababu maji hunyonya joto la mwili takriban mara 25 kuliko hewa tulivu. Kijana mwembamba hupoa haraka kuliko mtu mzima mwenye nyama.

Baridi hiyo ina hila. Kwanza unatetemeka sana, na hapo bado unajijua. Halafu vidole vinakuwa vizito, kamba haifungiki, kiberiti hakishikiki. Kisha akili inaanza kuteleza, unaona uvivu, unasema nitajikinga baadaye kidogo. Mwishowe kutetemeka kunakoma na unajisikia nafuu, kumbe mwili umekata tamaa. Wengine hukutwa wamevua nguo zote, kwa sababu katika hatua ya mwisho hujisikia wanaungua. Mkiwa wawili, mwenzako ataona unaongea kwa kukokota maneno, akuvute ndani ya turubai. Ukiwa peke yako, kile ambacho kingekuonya ndicho kinachozimika kwanza.

Kwa hiyo kupekecha moto ni ujuzi mzuri, nakupongeza, lakini umeupekecha nyuma ya nyumba, kwa vijiti ulivyovikausha mwenyewe, ukiwa umekula. Nenda ukajaribu baada ya mvua ya siku mbili, mikono ikitetemeka. Mimi nimewahi kushindwa nikiwa na wanafunzi wanane wananitazama, na nilitoa kibiriti cha gesi mfukoni bila aibu yoyote. Beba viwili, kimoja mfukoni na kimoja kwenye begi. Na kabla ya moto, fikiria matandiko: ardhi hunyonya joto usiku kucha, na rundo la majani makavu la shibiri mbili chini yako linakufaa kuliko kibanda kirefu cha kupendeza. Kibanda kiwe kidogo kiasi cha kukubana, kwa sababu kinachokipasha joto ni mwili wako mwenyewe.

Kuhusu maji nina habari mbaya. Kuchuja kwa mchanga na mkaa kunayafanya maji yang'ae na kupunguza harufu, lakini kichujio cha namna yako hakiui vijidudu. Maji yanaweza kuwa maangavu kama kioo na bado yakakupa kuhara. Dawa ya uhakika ni kuyachemsha mpaka yatokote kabisa kwa dakika moja, au dakika tatu kama uko mlimani juu ya mita 2,000. Sasa angalia orodha yako: kisu, kamba, chupa. Utachemshia nini? Sufuria moja ndogo ya bati ingekusaidia kuliko hicho kisu. Kuhara nyumbani ni usumbufu. Kuhara siku ya tatu ukiwa peke yako, huku huna maji mengine ila yaleyale yaliyokuharisha, ni mwanzo wa safari mbaya. Na usije ukadanganywa na wale wanaokunywa mkojo mbele ya kamera. Mkojo una chumvi na taka ambazo mwili umeshazitoa, nawe unazirudisha kwa figo zilezile zilizochoka.

Chakula kinakusumbua akili kuliko kinavyostahili. Mtu mwenye afya hafi kwa siku saba za njaa. Lakini wewe bado unakua, mwili wako kwa siku unadai kama kalori 2,500 hadi 3,000, na ukitembea na kupasua kuni unadai zaidi. Tanzi moja au mbili hazitakupa hiyo, hata kama mkono wako ni mwepesi. Anayetegemea mitego hutega nyingi na hukosa nyingi. Tena katika hifadhi nyingi kutega mnyama ni kosa la jinai. Njaa yenyewe itakufanyia mambo mawili: utasikia baridi zaidi, na utaamua vibaya zaidi. Hapo ndipo mtu anapoanza kuonja asichokijua. Uyoga ndio nauogopa kuliko wote. Uko uyoga wa sumu ambao hauonyeshi dalili mpaka zipite saa sita au kumi na mbili, wakati mwingine hata zaidi. Unatapika, unaharisha, halafu unapata nafuu ya uongo wakati ini linaendelea kuharibika. Kuupika hakuondoi sumu hiyo. Ile kanuni ya kuonja kidogo ukasubiri haikusaidii kitu kwa uyoga wa namna hiyo. Tumbo tupu ni salama kuliko tumbo lenye kitu usichokijua kwa jina.

Pengine umesikia habari za Chris McCandless, kijana wa miaka 24 aliyeingia pori la Alaska mwezi wa Aprili 1992 akiwa na mchele na bunduki ndogo. Aliishi kwenye basi bovu zaidi ya siku mia. Mwezi wa Julai alitaka kurudi, akakuta mto aliouvuka wakati wa baridi umefurika, akageuka. Hakuwa na ramani nzuri. Chini ya kilomita mbili kutoka pale palikuwa na kitoroli cha kuvukia mto kilichoning'inia kwenye waya. Alikufa mwezi wa Agosti akiwa mifupa na ngozi. Watu hubishana bado kuhusu kilichomuua, mbegu au njaa tupu. Mimi husimama kwenye ile waya. Simwiti mpumbavu, maana nami nimewahi kuwa na umri huo na kiburi hicho.

Nilisema nitarudi kwa bibi wa Colombia. Mtu akigundua amepotea, miguu inataka kukimbia, na mfa maji haachi kutapatapa. Watafiti walijaribu jambo hili na kutoa matokeo yao mwaka 2009: waliwapeleka watu kwenye msitu wa Ujerumani na jangwa la Sahara na kuwaambia waende moja kwa moja. Jua au mwezi ulipoonekana walikwenda vizuri. Mawingu yalipofunika jua, au mwezi ulipotua, walizunguka na kukata njia zao wenyewe, huku wakiapa kwamba wamenyoosha. Kwa hiyo ukipotea, kaa. Keti chini kabisa, kunywa maji, vuta pumzi mpaka moyo utulie, ndipo ufikiri. Isipokuwa kama mahali penyewe ni pa hatari, tafuta uwazi wa karibu ambako utaonekana kutoka juu, tandaza kitu chenye rangi kali, piga filimbi mara tatu, pumzika, piga tena. Filimbi husikika mbali kuliko sauti yako na haikaukiwi koo.

"Lakini yule wa Peru alitembea!" Ndiyo, na alikuwa na sababu. Aliona ndege za uokoaji haziwezi kumwona chini ya miti mikubwa, zikaacha kuja, naye aliijua mito ya nchi ile. Kufuata mto ni nusu ya ukweli. Kwenye tambarare mto unaweza kukufikisha kwa watu. Milimani mto huohuo unakupeleka kwenye maporomoko na makorongo yenye kuta usizoweza kushuka wala kurudi.

Niongeze kitu kuhusu akili ya umri wako, na usinune. Sehemu ya ubongo inayopima matokeo ya mbali huendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Watu wakisikia hivyo wanadhani vijana ni wazembe daima. Utafiti mmoja wa mwaka 2005, uliotumia mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, ulionyesha kwamba vijana walijihatarisha zaidi walipokuwa na wenzao wakiwatazama kuliko walipokuwa peke yao. Kwa hiyo kuwa peke yako hakukufanyi mwehu, na sitakuambia hivyo. Ila jiulize kwa uaminifu: je, utakuwa peke yako kweli, au kichwani kuna watu wanaokutazama, wale utakaowasimulia ukirudi? Aliye na watazamaji kichwani harudi nyumbani siku ya pili mvua ikimzidi, hata kama miguu inataka.

Na usiku ni mrefu. Karibu na ikweta giza hukaa karibu saa kumi na mbili, na bila simu wala kitabu wala mtu, masikio yanakua makubwa. Tawi likianguka ni chui. Wengi hudhani wataogopa wanyama, kumbe kinachowashinda ni kukosa usingizi, na asubuhi ya tatu wanashika kisu kwa mkono usio imara. Kujikata porini kwa kisu chako mwenyewe hutokea sana kuliko kushambuliwa.

Basi njia ziko zipi? Ya kwako kama ilivyo, siiungi mkono, na sina namna ya kulainisha hilo. Ya kujiunga na mafunzo yenye mwalimu, maskauti au kikundi kingine, ni nzuri, ingawa nakuonya kwamba vikundi havilingani, na vingine vitakuchosha kwa gwaride kuliko pori. Uliza jambo moja: je, wana zoezi la kumweka mwanafunzi peke yake usiku, huku mwalimu akijua alipo na akipita kumwangalia? Wanaolifanya hilo vizuri wanajua unachokitafuta. Ya tatu ni kujijenga mwenyewe hatua kwa hatua, ukiwa na mtu mzima mmoja aliye upande wako, na hii ndiyo ningekuchagulia.

Lala kwanza nje nyumbani, usiku wa mvua, chini ya turubai, bila kuingia ndani mpaka kuche. Ukiweza mara tatu, nenda porini na mtu mzima, kila mmoja kambi yake, mkisikiana filimbi. Halafu mtenganishe kambi, mkubaliane kuonana asubuhi na jioni. Baada ya miezi kadhaa ya hivyo, usiku mmoja, kisha miwili, peke yako, mahali unapopajua mchana na usiku, kwa ruhusa ya wanaopasimamia. Chukua chakula. Chukua simu iliyojaa chaji, iliyozimwa, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Ramani ipakue kabla, kwa sababu GPS ya simu hufanya kazi hata pasipo mtandao, na ujumbe mfupi mara nyingine hupenya mahali ambapo kupiga kunashindikana. Kuibeba hakuharibu upweke wako. Ukiona inakuvuta, izungushie utepe wa gundi.

Na nyumbani? Usiende kuomba ruhusa kwa maneno, nenda na karatasi. Iandikwe mahali hasa, njia ya kuingia na kutoka, siku ya kurudi, na saa ambayo wasipokusikia wampigie fulani. Wazazi wengi hukataa wakiambiwa "nataka kwenda porini siku saba" kwa sababu wanaona kaburi. Wakiona usiku mmoja, umbali wa filimbi, na karatasi yenye saa, wanaona mtoto anayefikiri. Huenda bado watakataa. Basi utasubiri, nawe utaendelea na turubai lako nyuma ya nyumba. Miaka 18 haiko mbali kama unavyoona.

Kuna mambo siwezi kuyafanya kwa maandishi. Huduma ya kwanza jifunze kwa mikono, mbele ya mkufunzi. Kufunga mguu uliovunjika na kuzuia damu havisomwi. Kama una pumu, kifafa, sikoseli au kisukari, mwone daktari kabla hujapanga chochote. Nyoka akikuuma, usichane, usinyonye, usikaze kamba. Tulia, zuia kiungo kisitikisike, na utafute namna ya kufikishwa hospitali haraka. Ukirudi, ukapata homa au kuhara ndani ya wiki kadhaa, mwambie daktari waziwazi kwamba ulilala porini na kunywa maji ya huko, kwa sababu malaria na magonjwa mengine huchukua siku kadhaa kujitokeza, naye hawezi kukisia.

Na jambo la mwisho, ambalo nauliza kwa sababu nimewahi kuchelewa kumuuliza kijana mwingine. Unapofikiria kuingia msituni, je, unawaza pia kurudi? Kama picha iliyomo moyoni ni ya kutoonekana tena, au nyumbani kuna kitu unachokikimbia, kipigo, huzuni, aibu, basi hilo si suala la pori. Zungumza leo na mtu mzima unayemwamini, au mshauri, au mhudumu wa afya, ana kwa ana. Ikiwa siyo, na umecheka ukisoma hapa, nisamehe, nimetimiza wajibu wangu.

Umeniuliza uanze na nini. Anza na usiku wa mvua utakaofuata. Waambie walio ndani kwamba uko nje. Saa tisa za usiku, ukiwa umelowa na unataka sana kuingia, jaribu kupekecha ule moto wako, halafu niandikie ulichukua muda gani.